Basuba inahitaji muuguzi anayelala kijijini

Mhariri,

Kila tarehe 9 Agosti dunia huadhimisha siku ya jamii za kiasili, na redio zetu hazikosi mgeni wa kuzungumza kuhusu Waboni, au Waaweer kama wanavyojiita wenyewe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji hapa Lamu. Husifiwa kwa asali, kwa kuujua msitu, na kwa kumfuata yule ndege anayewaongoza hadi kwenye nyuki. Sifa hizo ni za kweli. Mume wangu ni Mwaweer na asali ya nyumbani kwetu hutoka huko. Lakini siku ikishapita, hakuna anayeuliza mwanamke wa Milimani au Mararani, vijiji vyao katika wadi ya Basuba, anajifungulia wapi.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Kiangwe, Lamu Mashariki, mmoja wa wale 100,000 ambao serikali ilitutangaza na kutugawia mikoba mwaka 2023. Mkobani mna mashine ya presha, kipimajoto na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Utepe ule hauna siri. Mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5, unaingia kwenye rangi nyekundu, na mtoto huyo ni wa kutibiwa utapiamlo leo, si wiki ijayo. Nimewahi kuuvuta taratibu kwenye mkono wa mtoto, ukapita kijani, ukapita manjano, mama yake akinitazama usoni badala ya kuutazama utepe. Baada ya hapo kazi yangu ni kuandika rufaa. Siruhusiwi kuzalisha wala kudunga sindano, na ni haki, sikusomea. Rufaa huandikiwa zahanati. Sasa mtu wa Mararani nimwandikie zahanati ipi?

Wasomaji wa mbali wajue tulikotoka. Vita vya Shifta vya miaka ya sitini, kati ya serikali na waasi waliotaka kujiunga na Somalia, viliwatoa Waaweer ndani ya msitu vikawapanga kando ya barabara ya Bodhei kwenda Kiunga. Mwaka 1976 msitu wa Boni na ule wa Dodori ikawa hifadhi za wanyama, na mwaka uliofuata uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Wakalima mahindi na simsim, nyati na nyani wakavuna pamoja nao. Kisha yakaja mashambulizi ya al-Shabaab ya 2014, na Septemba 2015 ikaanza operesheni ya usalama ya Linda Boni. Zahanati na shule za wadi ya Basuba zikafungwa, wauguzi na walimu wakaondoka, na njia za msituni zikawa za kuogopwa. Mzee aliyekuwa akila mizizi, matunda na asali anategemea unga wa dukani, akiupata. Ndiyo maana ule utepe unasoma nyekundu.

Msimu wa kusi uliopita aliletwa binti kutoka ndani, uchungu umemshika tangu alfajiri. Kipande alitembea, kipande akapakiwa bodaboda, mama mkwe wake akimshika kwa nyuma asianguke. Alipofika kwetu maji ya bahari yalikuwa yamekupwa. Anayeijua Kiangwe anaelewa: maji yakikupwa, boti hulala kwenye tope katikati ya mikoko, na hata mwenye injini kubwa hana la kufanya ila kungoja. Tukangoja. Nilimpima presha, nikampima tena, nambari zinapanda na mkobani hamna cha kuzishusha. "Mwanangu, huna sindano?" mama mkwe akaniuliza. "Sina, mama." Maji yalipoanza kurudi, nahodha alisukuma kwa upondo hata kabla boti haijaelea sawasawa. Mtoto alizaliwa kabla hatujafika hospitali ya Faza, juu ya turubai, mikononi mwa nyanya yake. Alhamdulillahi, mama na mtoto wako hai.

Wako hai, lakini mtoto yule hadi leo hana karatasi yoyote, na hili ndilo hasa lililonifanya nikae niandike.

Mtoto akizaliwa zahanatini, muuguzi hujaza taarifa ya kuzaliwa palepale. Akizaliwa nyumbani, hujaza naibu chifu. Wa kwetu alizaliwa majini, na ofisi moja ikatutuma nyingine, na nyingine ikaturudisha. Mama yake naye hana kitambulisho, kwa sababu alizaliwa nyumbani na hakuna aliyemwandika. Bila kitambulisho hawezi kujisajili SHA, bima ya afya ya serikali. Hospitali waliuliza nambari ya SHA kabla ya kuuliza jina la mtoto. Mlango wa zahanati ukifungwa, watu wanadhani kilichokosekana ni dawa tu. Daftari la kuzaliwa nalo limefungiwa humo, na asiyeandikwa leo atakuja kuitwa mgeni siku atakapotaka kitambulisho katika ardhi ya babu zake.

Tena tazameni bima yenyewe ilivyopangwa. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, tunaambiwa matibabu ya zahanati na vituo vya afya ni bure kwa aliyejisajili. Ukienda juu zaidi, kulazwa hospitalini, lazima uwe umelipa mchango, na wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Sisi tusio na mshahara tunatakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa pamoja, yaani angalau shilingi 3,600. Basi ile ngazi ya bure ndiyo ambayo Waaweer hawana, na ile waliyobakishiwa ndiyo ya kulipia, ukiongeza mafuta ya boti. Mwenye kuuza asali ambaye msitu wenyewe haingii bila hofu atazitoa wapi 3,600 kwa mkupuo?

Nawashukuru kwa moyo wote Safari Doctors, shirika la matibabu linalotufikia kwa boti tangu Umra Omar alipolianzisha mwaka 2015. Nawashukuru na wanajeshi ambao wamewatibu watu wetu. Lakini mgeni wa mara moja kwa mwezi hawezi kungojwa na mimba.

Najua jibu litakuwa usalama. Sibishi, tumezika watu. Ila kambi za walinzi zipo kandokando ya vijiji hivihivi, na chakula na mafuta yao hufika. Gari linalofikisha unga wa askari linaweza kufikisha chanjo na muuguzi, na nyumba ya muuguzi ikajengwa pale pale chini ya ulinzi. Vijana wa Kiaweer walipotakiwa kuwa polisi wa akiba, walipatikana, wakapewa bunduki bila kuulizwa alama za mtihani. Inapofika kuwasomesha uuguzi, tunaambiwa hawajafikisha alama. Wangezifikishaje, na shule zao zilifungwa kama zahanati? Chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kipo hapahapa Lamu. Wachukuliwe wasichana na wavulana wa Milimani, Basuba, Mangai na Mararani, waanzishwe pale walipofikia, wafadhiliwe, wasome hadi wahitimu. Muuguzi mwenye mama yake Mangai hatakimbia Mangai.

Huu si upendeleo ninaouomba. Katiba ya 2010, kifungu cha 56, inaitaka serikali iweke mipango maalumu ili jamii za wachache na zilizotengwa zipate maji, huduma za afya na miundombinu, na kifungu cha 260 kinawataja wawindaji na wakusanyaji waziwazi. Waaweer wamo humo bila kutafsiriwa na wakili.

Kwa hivyo nawauliza kaunti na wizara kupitia ukurasa huu, na naomba Mhariri asiukate mstari huu. Katika bajeti inayofuata, ni kijiji kipi cha wadi ya Basuba kitakachopata muuguzi wa kulala hapo, friji ya chanjo ya sola na kitabu cha taarifa za kuzaliwa, na ataanza kazi tarehe gani? Na huyu mtoto aliyezaliwa botini, nimpeleke ofisi ipi?

Mhudumu wa afya ya jamii,
Kiangwe, Lamu Mashariki