Mwanangu, Ule Mstari wa Mwisho Uondoe

Chamwino, Dodoma
Kwaresima, juma la nne

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi hatujambo. Mahubiri yako ya Alhamisi Kuu uliyonitumia kwenye simu nimeyasoma mara tatu, na baba yako nimemsomea kwa sauti mpaka mwisho. Umeandika vizuri, nisikufiche. Lakini pale mwishoni uliposema asiyekubali kutawadhwa miguu jioni hiyo asikaribie Meza, kwa kuwa amekataa sakramenti, pamenikosesha usingizi. Paondoe.

Sisemi kwamba hujasoma. Ambrose, askofu wa Milano karne ya 4, ni kweli aliwatawadha miguu waliotoka kubatizwa na kuona ndani yake utakaso, na Bernard wa Clairvaux, mtawa wa karne ya 12, ni kweli aliiita sakramenti ya kuondoa dhambi za kila siku. Tena Yohana 13 ina maji, ina amri, na ina lile neno zito aliloambiwa Petro: “Kama nisipokutawadha, huna shirika nami.” Mtu akikusanya hayo matatu akasema hapa pana sakramenti, sitamcheka. Ila mbona umeruka mengine? Ambrose huyohuyo alikiri kwamba Kanisa la Roma halikuwa na desturi hiyo. Kule Hispania, mwanzoni mwa karne ya 4, mtaguso wa Elvira, yaani mkutano wa maaskofu, uliwakataza mapadre kuwaosha miguu wanaobatizwa. Askofu Augustino naye akaandika kwamba wapo walioikataa wasije wakadhani ni sehemu ya ubatizo. Jambo ambalo wazee wa mwanzo hawakukubaliana, wewe shemasi wa miezi minne unalifungia watu mlango wa Meza?

Wakatoliki walihesabu sakramenti saba kwenye mtaguso wa Trento mwaka 1547, hili halimo. Mwaka 1955 wakaliingiza ndani ya Misa ya Alhamisi Kuu, na bado wanaweza kuliacha. Kanuni yetu Waanglikana ya 25, katika zile 39 za imani, unaijua kuliko mimi: Ubatizo na Meza ya Bwana, basi. Na wanaolishika kuliko wote ndio hawaliiti sakramenti. Wamennonite wamelikiri tangu ungamo lao la imani la Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1632, wakafika nalo hapa kwetu, Shirati, mwaka 1934. Wasabato hutawadhana kila robo mwaka kabla ya Meza, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Muulize yeyote kati yao, atakuambia ni agizo la Bwana. Neno agizo linakutosha na wewe.

Kinachonishawishi mimi ni kitu kidogo tu cha lugha yetu. Bwana alisema imewapasa “kutawadhana.” Hakuna mtu anayesema kubatizana. Ubatizo unaupokea mkononi mwa mwingine na humrudishii. Hili linakwenda na kurudi, leo mimi nimeinama, kesho wewe. Ukilifanya sakramenti lazima liwe na mtoaji mmoja aliyewekwa, na hapo ile -ana ya kutendeana umeikata. Hata mstari wa 15 unaliita kielelezo.

Na Petro, mwanangu, alikataa waziwazi. Hakufukuzwa, alijibiwa. Yuda naye alikuwa amekaa palepale, akatoka baadaye usiku, na mstari wa 11 unasema si wote walikuwa safi. Usinijibu kwamba hata tonge alipewa, najua. Ninachosema ni kwamba Bwana hakutumia beseni kuchuja watu.

Jambo jingine la huko Kondoa: majirani zenu wengi ni Waislamu, na neno kutawadha wanalitumia kila siku kabla ya swala. Usipoeleza, waumini wako wapya watadhani ni udhu wa kuingilia Meza. Na ule mstari wako wa mwisho unasema hivyohivyo.

Unadhani nani atakataa? Si mwenye kiburi. Ni bibi mwenye magaga, mtu aliyetolewa funza juzi, mama ambaye hajawahi kuguswa mguu na kijana asiye wake. Mwaka niliopanga mimi majina ya wa kutawadhwa, wote kumi na wawili walikuwa watu wa soksi na viatu vya kamba. Baba yako aliliona, akanyamaza. Kwa hiyo orodha usimwachie mama wa kamati anayependa mambo yaonekane nadhifu. Wanawake waoshwe na mama mzee wa kanisa, hakuna kitakachopungua.

Sasa sikiliza kazi yenyewe. Kila mguu nusu lita, watu kumi na wawili ni lita kumi na mbili, kwa hiyo dumu moja la lita 20 linatosha na maji ya kunawa mikono yanabaki. Maji usiyachemshe mapema, yatapoa wakati unahubiri. Yaweke ya moto kwenye chupa za chai, wimbo ukianza changanya kipimo kimoja cha moto kwa vitatu vya baridi, baridi kwanza, kisha pima kwa kiwiko. Mwenye kisukari hasikii moto mguuni, ataungua akikutabasamia. Mguu usitumbukizwe, shika juu ya beseni, mimina kwa jagi. Ukitumbukiza, wa tano anaoshwa kwa uchafu wa wanne. Taulo moja kwa mtu mmoja, kwa sababu ya fangasi, na ukaushe katikati ya vidole. Mwenye kidonda mwoshe wa mwisho, mimina tu, usisugue. Vua stola, kunja mikono ya kanzu juu ya kiwiko, la sivyo utaiburuza kwenye beseni. Tandika magunia chini, saruji ikilowa wazee watateleza. Na kabla ya kurudi madhabahuni unawe kwa sabuni! Wengi husahau, wakaenda kuumega mkate na mikono ileile.

Lakini hata ukikosea hayo yote, mstari ule usiusome.

Zabibu tumeanza kuvuna, mnunuzi amekuja na bei ya kututania, baba yako amemrudisha. Nadhani angekubali tu, maana hazisubiri. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha. Maji ya bomba yanatoka siku mbili kwa wiki, kwa hiyo mdogo wako anachelewa shule akisubiri foleni, na mimi nimemfokea kwa jambo ambalo si kosa lake. Mpigie, wewe anakusikia. Viatu vyako vyeusi uliviacha chini ya kitanda.

Vimo kwenye mfuko nitakaompa dereva wa basi la Kondoa Jumatatu asubuhi, pamoja na taulo kumi na nne nilizofua. Mpokee stendi, asizunguke nazo. Na ukishaandika upya ule mwisho, nitumie niuone kabla ya Jumapili ya Matawi.

Mama yako