Msiuondoe uchungu wa mgagani

Ndugu Mhariri,

Siku hizi nasikia wakulima wenzangu wakiulizia mbegu ya mgagani, mboga yetu ya asili ya majani, usio na uchungu, ili watoto wa mjini waule bila kukunja uso. Naomba tusiharakishe.

Chukua jani bichi la mgagani, lifikiche kiganjani, kisha unuse. Harufu inayokupanda puani ni kama ya haradali, na kabla hujalifikicha haikuwapo. Jani ambalo halijakatwa huhifadhi mahali tofauti glukosinoleti, yaani kemikali za kujikinga zenye salfa, na kimeng'enya kinachozivunja, kiitwacho mirosinasi. Likikatwa au likitafunwa, viwili hivyo hukutana na ndipo ukali huo, ulio sehemu ya uchungu wake, unapozaliwa. Hiyo ni silaha ya mmea. Utafiti uliofanyika Kenya ulionyesha kwamba mgagani hufukuza kupe, na ukipandwa kati ya mawaridi hupunguza utitiri mwekundu.

Glukosinoleti hutengenezwa kwa kupokezana. Jeni za kundi la CYP79 huanza na asidi amino, za CYP83 hupokea, nyingine huongeza sukari, na za mwisho huweka salfeti. Ni kama akina mama wanaopitishiana ndoo ya maji: mmoja akiondoka, ndoo haifiki. Kabichi, sukuma wiki na mlonge wana mlolongo wa namna hiyo hiyo. Mwaka 2023 jenomu ya mgagani, yaani mpangilio wa jeni zake zote, ilichapishwa, kromosomu zote 17, kwa hiyo mzalishaji wa mbegu sasa ana ramani. Kwa ramani hiyo anaweza kulinda jeni hizo, na anaweza pia kuzipoteza kwa kufuata utamu tu.

Kemikali za ukoo huu ndizo zinazochunguzwa kwenye brokoli kwa jinsi zinavyoamsha kinga ya seli dhidi ya sumu. Sisemi mgagani unatibu saratani. Anayeuza unga wake kwa maneno hayo anawadhulumu wagonjwa.

Na uchungu una dawa yake jikoni. Mama yangu huchemsha, humwaga maji ya kwanza, kisha huunga kwa maziwa mpaka mchuzi ushike mwiko. Wakisii huulaza ndani ya maziwa. Mpishi huamua mwenyewe apunguze kiasi gani; mbegu ikishapoteza uchungu, hana la kuamua.

Ombi langu kwa watafiti wa mboga za asili walioko Tengeru, hapa Arumeru: pimeni glukosinoleti kabla ya kutoa mbegu mpya, na kiwango kiandikwe kwenye pakiti, karibu na siku za kuvuna.

Mkulima wa mboga,
Arumeru