Barua kwa sahibu yangu juu ya kitabu cha Aldus

Sahibu yangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto, naomba uniwie radhi kwa kimya changu kirefu, na uniruhusu niingie moja kwa moja katika jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika barua yako ulikidharau kitabu alichopiga chapa Aldus Manutius mjini Venice mwaka 1499, ule mkusanyo wa maandishi ya kale ya Kigiriki na Kilatini juu ya nyota, ukasema ni upiga ramli uliovishwa joho la wasomi. Nimeshindwa kuliacha neno hilo lipite.

Sikatai kwamba utabiri umo, tena tele. Kitabu kinafunguliwa na Firmicus Maternus, mwanasheria wa Sicilia wa karne ya 4, ambaye katika vitabu vyake 8 anaeleza bila haya ni sayari zipi humfanya mtu azaliwe mfalme na zipi humfanya mtumwa. Anafuata Manilius, mshairi wa Kirumi, aliyeyaweka mambo ya namna hiyo katika mashairi. Ungeishia hapo, ningekupa haki yako yote, na yule mwalimu wetu wa jiografia angekupigia makofi.

Lakini geuza kurasa uendelee. Unakutana na shairi la Aratus, Mgiriki wa kale, kuhusu makundi ya nyota na dalili za hali ya hewa, kwanza katika tafsiri tatu za Kilatini, za Warumi Germanicus, Cicero na Avienus, kisha katika Kigiriki chenyewe pamoja na ufafanuzi unaohusishwa na Theon, msomi wa Kigiriki. Mpiga ramli ana haja gani na shairi moja mara nne? Mwenye haja nalo ni mwanafunzi anayejifunza Kigiriki, na huyo ndiye Aldus aliyekuwa akimtumikia, kwani mwaka uliotangulia alikuwa amekamilisha kumchapa Aristotle kwa Kigiriki. Mwishoni kuna risala fupi kuhusu tufe la mbingu, iliyodhaniwa kuwa ya mwanafalsafa wa Kigiriki Proclus, ambayo msomi Mwingereza Thomas Linacre aliitafsiri kwa Kilatini na kumtunukia Arthur, mwana wa mfalme wa Uingereza. Humo hakuna bahati ya mtu hata mmoja. Kuna duara, mihimili na mikanda ya dunia.

Tena waandishi wenyewe hawakubali kutiwa katika kapu moja. Cicero, aliyemtafsiri Aratus akiwa kijana, alikuja kuwakejeli watabiri wa nyota katika maandishi yake ya utu uzima. Firmicus naye baadaye aliandika kitabu cha Kikristo akiwahimiza watawala waing'oe ibada ya miungu. Na Aratus, kwa taarifa yako wewe uliyesoma seminari, ndiye mshairi ambaye maneno yake Mtume Paulo aliwanukulia watu wa Athens, kwamba sisi sote tu wazao wake Mungu. (Picha za makundi ya nyota, nakubali, zinapendeza kuliko zinavyofundisha, usijaribu kusafiri baharini kwa kuzifuata.)

Narudi palepale: naona ni makosa kumhukumu Aldus kwa mpaka ambao watu wa zama zake hawakuuchora kama tunavyouchora sisi. Kwao, aliyetaka kujua sayari ya Jupiter iko wapi na aliyetaka kujua Jupiter inamtakia nini mara nyingi alikuwa mtu yuleyule, na hesabu zilikuwa zilezile. Hata hivyo, kwa nini Firmicus ndiye aliyetangulizwa, tena akapewa nafasi kubwa kuliko wote? Nashuku soko lilikuwa na sauti yake, ila hilo siwezi kukuapia.

Sasa nisaidie. Kilatini chako bado kina nguvu, au kimekwisha kuoza? Ungeweza kunisomea mwanzo wa Firmicus, pale anapojibu hoja za wapinzani wa unajimu, na kuniambia kama anajibu kweli au anapiga kelele tu? Je, Padre anasemaje juu ya ubishi wetu, au bado hujamwambia? Na ile kamusi yangu, yule jamaa amekurudishia?

Ni mimi sahibu yako, ninayengoja majibu.