Barua kwa Mwanangu: Santuri za Bibi Yako

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, na nimefurahi mno kusikia kwamba unazitaka santuri za marehemu bibi yako. Umeniuliza kama fundi wa huko Muscat anaweza kuzihamishia kwenye kompyuta na kuziondolea ule mkwaruzo. Anaweza, wala sitakuzuia, ila nakuomba kwanza uje Unguja wakati wa Idi, tukae pamoja uzisikilize kwenye gramafoni yake.

Niipendayo kupita zote ni ya Siti binti Saad. Mwanamke huyu alizaliwa Fumba, akatembeza vyungu alivyofinyanga mama yake, kisha akahamia mjini mwaka 1911 na kujifunza kuimba. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay, wakarekodi nyimbo kwa kampuni ya HMV, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni. Wenye gramafoni hapa kwetu walikuwa wamezoea sahani za santuri za Misri na za India; fikiria walivyohisi waliposikia Kiswahili chao wenyewe, tena kwa sauti ya jirani yao wa Ng'ambo.

Katika taarabu ya usiku, wimbo hurefushwa kadiri wasikilizaji wanavyoutaka, lakini upande mmoja wa sahani ya inchi 10, inayozunguka mara 78 kwa dakika, hauchukui zaidi ya dakika tatu na kidogo. Kwa hiyo udi na fidla haziwezi kuchelewa, na mwimbaji hana nafasi ya kupoteza hata pumzi moja. Wimbo ukiwa mrefu hukatwa katikati, na mwisho wake huupati mpaka uigeuze sahani. Bibi yako alipokuwa akigeuza hakusema neno, na sisi watoto tuliokaa mkekani hatukuthubutu kusema, kwa kuwa wimbo ulikuwa bado haujaisha. Kwenye simu yako hutaipata kimya ile, na kwangu mimi kimya ile ni sehemu ya wimbo.

Kuhusu mkwaruzo, mwanangu, usidhani wote umetokana na uchakavu. Sahani hizi zimetengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu unaotolewa na wadudu wadogo katika miti ya India, uliochanganywa na unga laini wa mawe. Unga huo ndio unaoisaga ncha ya sindano ya chuma mpaka ikalingana na mfereji wa sahani, na ndio pia unaoleta ile sauti kama ya mafuta yanayokaanga. Fundi wako akiifuta yote, ataondoka pia na ule ukali wa juu wa sauti ya Siti, na hapo nitasikitika. Mwambie aache kidogo. Mwambie vilevile asitumie sindano ya sahani za plastiki za miaka ya baadaye, maana ni nyembamba mno na itazama chini ya mfereji.

Jambo moja nakukataza kabisa: usizipanguse kwa spiriti. Nilipokuwa msichana nilifanya hivyo kwa nia njema ya kumsaidia bibi yako, nikaona weusi wa sahani unahamia kwenye kitambaa, kwa sababu shelaki huyeyuka katika spiriti. Upande ule haukulia tena. Bibi yako hakunigombeza, lakini sahani hakuitupa, nami nimeihifadhi pamoja na nyingine. Utaitambua kwa doa lake la kijivu. Zipanguse kwa kitambaa kikavu tu, uzisimamishe wima, mbali na jua la dirishani.

Sindano mpya zimo ndani ya kikopo cha bati, chini ya kifuniko cha gramafoni. Kila upande mmoja utumie sindano moja, kisha uitupe. Ufunguo wa kuijaza gramafoni nimeufunga katika leso ya bibi yako, ndani ya saraka la juu.

Wako akupendaye,
Mama