Msituambie mishipa ni safi kama hamjaipima

Mhariri,

Siku hizi hapa Moshi upimaji wa afya wa bure unafanyika hadi viwanja vya kanisa. Ni jambo jema na mimi hupanga foleni. Kinachoniuma ni neno moja wanaloambiwa watu wakipewa majibu: "Kolesteroli iko sawa, mishipa yako safi."

Kaka yangu aliambiwa hivyo. Kolesteroli yake yote ilisoma 4.5 (mmol/L), chini ya ile 5.2 inayohesabiwa kuwa mpaka. Karatasi aliikunja akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, na kila tulipomsema kuhusu sigara aliitoa akatuonyesha. Miezi hiyohiyo, akipandisha kutoka Kiboriloni, kigimbi cha mguu wa kulia kilikuwa kinamkaza. Anasimama, anashika ua wa masale, maumivu yanapoa, anaendelea. Tukasema ni uzee. Kumbe ateri ya mguu, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, ilikuwa inaziba, na za moyo vilevile. Tulikuja kujua aliposhikwa na shambulio la moyo. Namshukuru Mungu yuko hai.

Kipimo kile kinaonyesha mafuta yanayosafiri kwenye damu siku hiyo. Yaliyokwisha ganda kwenye kuta za ateri kwa miaka thelathini ya sigara, presha au sukari, hakiyaoni. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2009 uliangalia wagonjwa wa ateri za moyo karibu 137,000 waliolazwa hospitali: karibu robo tatu yao walikuwa na kolesteroli mbaya, LDL, chini ya 130 kwa kipimo cha Marekani cha mg/dL (kama 3.4 kwa kipimo cha kwetu cha mmol/L), kiwango ambacho wengi wangeambiwa ni kizuri. Sisemi kolesteroli haina maana. Ina maana sana, na aliyeandikiwa dawa asiiache kwa sababu ya barua hii.

Ninachoomba ni kidogo. Mpimaji amuulize mtu kama anavuta sigara, na kama kigimbi kinamuuma akitembea kisha kinapoa akipumzika. Akijibu ndiyo, apelekwe hospitali akapimwe presha ya kifundo cha mguu, ilinganishwe na ya mkono. Ya mguu ikishuka chini ya asilimia 90 ya ile ya mkono, ateri zina shida. Hakuna kuchomwa sindano, ni mkanda wa presha na kifaa kidogo cha kusikilizia damu inavyopita.

Na majibu yasomwe yalivyo: "Kolesteroli yako leo ni kiasi hiki." Mishipa waiache mpaka wameipima.

Msomaji wenu,
Kiboriloni, Moshi