Gavana alibaki kusihi

Swahibu Hamisi,

Salaam nyingi kutoka El Cajon, huku San Diego, California. Huku sote wazima, ila joto limeanza kututafuta. Ujumbe wako nimeupata. Unasema wanafunzi wako wa sheria wamekubana: kama gavana wa California alifunga jimbo zima wakati wa korona, ilikuwaje kasino za makabila zikafungua milango Mei 2020 na asishtakiwe mtu? Nawe ukaongeza chokochoko zako: "Gavana wenu aliogopa nini?"

Hakuogopa, ndugu yangu. Rungu hakuwa nalo.

Mimi na kamari wapi na wapi, lakini ukiishi huku kasino utazijua tu. Kaunti ya San Diego ina maeneo 18 ya makabila ya wenyeji wa asili, na hakuna kaunti nyingine Marekani inayoifikia. Machi 2020 kasino hizo zilifungwa na makabila yenyewe, jambo ambalo watu wamelisahau upesi. Ilipofika Mei 18, kabila la Viejas wakafungua, na kabila la Sycuan, majirani zetu hapa, hawakukawia. Siku chache kabla ya hapo Gavana Newsom alikuwa amewaandikia viongozi wa makabila. Barua yenyewe inawasihi wafikirie upya, haitoi amri.

Sasa hapa ndipo wanafunzi wako watakapopata utamu. Mwaka 1953 bunge la Congress liliipa California na majimbo mengine machache mamlaka ya kesi za jinai ndani ya maeneo ya makabila. Mtu atasema: basi si kuvunja amri ya kujifungia kulikuwa kosa la jinai? Polisi waingie! Lakini mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya kabila la Cabazon, kikundi cha watu 25 tu waliokuwa wakichezesha bingo na karata kwenye Kaunti ya Riverside. Jimbo lilitaka kuwabana kwa sheria zake za bingo. Majaji wakatofautisha: kitu ambacho jimbo limekipiga marufuku kabisa ni jinai, lakini kitu linachokiruhusu kwa masharti ni suala la usimamizi tu, na usimamizi wa namna hiyo hauingii eneo la kabila, hata kama adhabu yake imeandikwa kwenye kanuni za jinai. Biashara zilizofungwa kwa muda na kufunguliwa kwa masharti, wewe ungeziweka kwenye kapu gani? Mimi naona jibu liko wazi, na nadhani mawakili wa gavana waliliona vilevile.

Mwaka uliofuata, 1988, Congress ikatunga sheria ya kamari za makabila. Jimbo likapewa mlango mmoja tu, mkataba na kabila, na mkataba huo unahusu mambo ya kamari. Chombo kinachoweza kufunga kasino inayohatarisha afya ya umma kipo, lakini ni tume ya serikali kuu, si ya serikali ya jimbo kule Sacramento.

Usidhani makabila yalikuwa na ulafi tu. Hayana kodi ya majengo ya kukusanya kama kaunti. Sheria ya 1988 inataka faida ya kasino iende kwenye serikali ya kabila na ustawi wa watu wake: zahanati, polisi, shule, wazee. Kwa nchi nzima mapato ya kasino za makabila yalishuka kutoka dola bilioni 34.6 mwaka wa fedha 2019 hadi bilioni 27.8 mwaka 2020. Zahanati inafungwa kwa sababu ya ugonjwa ambao yenyewe ndiyo inapaswa kuutibu!

Na mamlaka hiyohiyo ya makabila ilikata upande wa pili. Kule South Dakota makabila ya Cheyenne River na Oglala yaliweka vizuizi barabarani kuwalinda watu wao, huku gavana, Kristi Noem, akiwapa saa 48 waviondoe. Yeye ndiye aliyetaka njia wazi. Arizona nako, kabila la Gila River lilifungua Mei, kisha Juni likafunga tena kasino zake kwa wiki mbili baada ya mlinzi wao mmoja kufariki. Hawakungoja kuambiwa.

Lakini nisikufiche, moyo wangu haukutulia. Jirani yangu, mama wa Goma, aliitwa arudi kazini kwenye kasino moja ya huku wiki ileile ya kufungua. Mlangoni walipimwa joto, barakoa ilikuwa lazima, na kila mashine ya pili ilizimwa ili watu wasikaribiane. Kazi yake ilikuwa kupangusa vitufe kila mchezaji anapoinuka, na wazee walikuwa wanakaa kabla dawa haijakauka. Akiugua, atatibiwa huku nje ya eneo la kabila, lakini daktari mkuu wa kaunti hakuwa na kauli ndani ya kasino. Hapo sheria ni safi, lakini gharama inavuka mpaka.

Ukiwatungia mtihani, waulize hivi: gavana hawezi kuligusa kabila, sawa, je, angeweza kuwazuia wakazi wake mwenyewe kwenye barabara ya jimbo, kabla hawajaingia eneo la kabila? Kwa sheria mimi naona angeweza. Kwa siasa, kuwasimamisha wapiga kura wazee kwenye njia ya Alpine, iendayo Viejas, mwaka wa uchaguzi, thubutu! Niletee majibu yao, hasa ya yule binti unayesema anakushinda hoja.

Nisalimie nyumbani kwenu wote.

Wako,
Omari