Dawa za virusi hazipangwi kwa nyota

Ndugu Mhariri,

Miaka 19 nasoma gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Mliporudia fumbo la maneno la wiki iliyotangulia nilinyamaza (mume wangu hakunyamaza, lakini yeye alinung'unikia ukuta). Safari hii nimeshindwa. Nazungumzia lile jedwali la Jumapili iliyopita, "Dawa 5 bora za mafua makali", lenye nyota kama za hoteli.

Kwanza, mafua gani? Neno hili kwetu limebebeshwa mizigo kuliko punda. Kamasi za siku tatu ni mafua, homa ya influenza inayomlaza mtu wiki nzima ni mafua, na UVIKO nao, tangu watu waache kuuogopa, umeshakuwa mafua. Mwandishi wenu akavitia vyote kapu moja, kisha akashindanisha oseltamivir, zanamivir na baloxavir, ambazo ni za influenza, na molnupiravir na ule mchanganyiko wa nirmatrelvir na ritonavir, ambazo ni za UVIKO. Ni sawa na kuchukua ndoana na mtego wa panya ukauliza kipi kinanasa vizuri. Mwenye influenza akimeza huo mchanganyiko wa nirmatrelvir na ritonavir, mliouvika nyota tano, kirusi chake hakitashtuka. Na yale mafua yenyewe ya kawaida, ya rinovirusi, ambayo ndiyo yanayowasumbua wasomaji wenu wengi, hayana dawa ya virusi hata moja. Hilo halikuandikwa popote. Bila shaka lisingependeza kupewa nyota.

Nyota tano zenyewe nimezitafuta zilikotoka. Ni ile asilimia 89 ya hatari iliyopunguzwa na mchanganyiko huo. Namba hiyo ilipatikana kwa watu ambao hawakuwa wamechanjwa, walio katika hatari ya kuzidiwa, walioanza dawa ndani ya siku tatu tangu dalili zianze, na kilichohesabiwa ni kulazwa hospitali au kufa. Oseltamivir mmeipa nyota tatu kwa sababu kwa mtu mzima inapunguza dalili kwa saa 17 hivi. Huku mmepima vifo na vitanda vya hospitali, kule mmepima saa za kuumwa kichwa, halafu mmeziweka safu moja.

Sasa niwaambie ya nyumbani kwangu. Mama yangu ana miaka 71. Mwaka juzi alishikwa na homa usiku, kesho yake akachukuliwa kipimo cha puani, ikaonekana ni influenza. Daktari akamwandikia baloxavir: dozi moja tu, mara moja, basi. Nilifurahi, maana siku zile nilikuwa nimesoma makala nyingine, si yenu lakini ni ndugu yake wa tumbo moja na hili jedwali, iliyosema dawa hiyo ni "rahisi kuliko zote!" pamoja na alama ya mshangao. Kwenye bahasha ya dawa waliandika "1×1 baada ya kula", na hilo "kula" lilisomeka kwa kubahatisha. Mama yangu hamezi kidonge kwa maji. Tangu nimjue anameza kwa maziwa ya moto. Nikachemsha, nikapoza, nikamshikia kikombe kwa mikono yangu mwenyewe, akameza, akanishukuru. Kesho yake jioni, nikiwa sina la kufanya, nikaikunjua ile karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya boksi, iliyokunjwa mara nane kama hirizi. Nikachukua miwani ya kukuza ya baba, Mungu amrehemu. Pale, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, nikasoma kwamba dawa hii isimezwe pamoja na maziwa, wala vidonge vya madini ya chuma, wala dawa za kiungulia, kwa sababu madini hayo, kalsiamu ya kwenye maziwa ikiwemo, huing'ang'ania tumboni na mwili ukaambulia kidogo. Dozi ni moja, Mhariri! Hakuna ya kesho ya kurekebishia. Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa, "Dada, usiwe na wasiwasi, atapona tu." Na kweli alipona, siku ya nane. Kama ni kwa dawa au kwa umri wake na ukaidi wake, sitajua mpaka nife. Lakini ninajua nani alimchemshia yale maziwa, na ninajua hakuna aliyeniambia neno, si daktari, si aliyeandika bahasha, si gazeti.

Na hizo karatasi za maelezo! Anayezikunja anamkunjia nani? Mgonjwa wa mafua macho yanamtoka machozi, na mzee haoni hata herufi za kwenye kalenda. Boksi la sabuni ya unga lina maandishi makubwa kuliko dawa.

Nirudi kwenye jedwali lenu. Zanamivir mmeiandikia "haisumbui tumbo, inawafaa wote". Wote? Ile ni ungaunga wa kuvuta kwa mdomo, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua papo hapo. Mume wangu ana pumu, na akikiona kifaa cha kuvuta atakiamini kama anavyoamini pampu yake, bila kuuliza swali. Oseltamivir humezwa mara mbili kwa siku kwa siku tano, hutapisha baadhi ya watu, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi. Ritonavir hulizuia ini lisivunjevunje dawa nyingine, nazo zikajazana mwilini, kwa hiyo anayetumia simvastatin ya kolesteroli lazima aisimamishe kwanza. Molnupiravir haifai kwa mjamzito. Ninyi mmeandika bei, rangi ya boksi na nyota.

Tena siku! Dawa za influenza huanzwa ndani ya saa 48, vile vidonge vya UVIKO ndani ya siku tano. Jirani yangu aliyekata jedwali lenu na kulibandika kwenye friji atalikumbuka siku ya saba, baada ya kumaliza antibaiotiki alizobakiza mwaka jana, ambazo kirusi hakizijui hata kwa sura. Na kwa taarifa yenu, mwongozo wa influenza wa Shirika la Afya Duniani wa Septemba 2024 unapendekeza baloxavir kwa mgonjwa ambaye hajazidiwa lakini yuko hatarini kuzidiwa, na oseltamivir kwa aliyezidiwa. Tena wenyewe wanasema ni mapendekezo yenye masharti. Hawakutumia nyota.

Ninachoomba ni kidogo. Chapisheni jedwali upya, ukurasa ule ule wa msimamo wa ligi, kwa herufi zile zile za mabao. Safu ya kwanza iulize: kirusi gani? Ya pili: leo siku ya ngapi? Ya tatu: figo, pumu, mimba, dawa nyingine? Ya nne: usimeze pamoja na nini, na neno MAZIWA liwe jekundu. Mstari wa rinovirusi uandikwe "hakuna" kutoka mwanzo hadi mwisho. Na kabla halijachapwa, mwandishi wenu asimame jikoni chini ya taa moja, saa nne usiku, aisome karatasi ya maelezo kwa sauti mbele ya mtu mwenye homa. Miwani ya kukuza nitamwazima, ila airudishe, ni ya marehemu.

Ni mimi,
Binti wa mama wa maziwa